Ukifika kwenye theluji, kubali wewe ni mshamba

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu. Anayeanza. Wa kati. Mzoefu.

Mimi nikaweka tiki kwa "wa kati."

Wacha niwaeleze vizuri, wasee, ndio mjue huu ujinga ulikuwa wa kiwango gani. Kabla ya hiyo asubuhi ya Januari, theluji pekee niliyokuwa nimeigusa maishani ni ile barafu ya friji ya mamangu, ile unakwaruza na kisu ukitafuta nyama. Sasa hapo niko Garmisch-Partenkirchen, mji mdogo chini ya milima ya Alps, kusini mwa Ujerumani, ndani ya duka la kukodisha skii. Nyuma yangu kuna foleni. Mbele yangu kuna mtoto wa miaka kama mitano, helmeti yake ina masikio ya sungura, anafunga buti zake mwenyewe bila kusaidiwa. Simu yangu inarekodi. Sasa niambie, ningewekaje tiki kwa "anayeanza" mbele ya mtoto mwenye masikio ya sungura?

Binamu yangu, ambaye anasomea uuguzi Munich na ndiye alininunulia tikiti ya treni, aliangalia fomu, kisha akaniangalia. "Wewe, hii kitu umeifanyia wapi? Uhuru Park?"

"Nimewatch video mob," nikamjibu. "Ni balansi tu."

Yeye alikuwa ameshalipia darasa la wanaoanza. Mimi nikasema darasa ni la watoto. Nikamwacha hapo chini akifundishwa kuanguka na kuamka, nikafuata watu kwenye lifti, nikapanda. Nilifika juu, nikajirekodi nimesimama na milima nyuma yangu, miwani ya theluji kwenye paji la uso, nikasema maneno fulani ya kijinga kuhusu kijana wa Kayole kufika Alps. Hiyo video ilitoka poa sana. Ilichukua sekunde 14.

Halafu nikageuka nikaangalia chini.

Siwezi kuwaeleza mteremko unavyokuwa ukiuangalia kutoka juu, na miguu yako imefungwa kwenye mbao mbili ambazo kazi yake ni kuteleza. Nilienda kama mita hamsini. Nilitaka kusimama, nikagundua sijui kusimama. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza walikuwa wanafundishwa kule chini. Nikaanguka upande wa kushoto, skii ya kulia ikakwama kwenye theluji, mwili ukaendelea kuzunguka, goti likabaki. Nilisikia "tap," kama mtu amevunja kijiti.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa kijana wa miaka kama kumi. Hakunigusa. Alipanda juu kidogo ya pale nilipolala, akavua skii zake, akazidunga kwenye theluji zikiwa zimevukana kama herufi X, ndio wanaokuja kutoka juu waone kuna mtu ameumia wapite kando. Mtoto wa miaka kumi. Mimi hata sikuwa najua hiyo ishara ipo.

Waokoaji wa mlimani walinifunga kwenye sleji, wakanishusha polepole kama gunia la viazi. Tulipita darasa la wanaoanza. Binamu yangu alikuwa amesimama wima kwenye skii zake, anashuka kale kamteremko kadogo, anacheka. Halafu akaniona.

Hiyo ndiyo stori. Sasa acha nitoe maoni yangu, kwa sababu nimekuwa na miezi mingi ya kufikiria, mguu ukiwa juu ya mto.

Mimi naamini hivi: kinachomuumiza msafiri kwenye theluji si theluji. Ni aibu. Ni ile hofu ya kuonekana mshamba. Karibu kila kosa nililofanya siku hiyo lilitoka hapo. Na kila ushauri wa usalama utakaoupata, uwe wa mwalimu, wa daktari ama wa karatasi ya bima, ukiuchambua utakuta chini yake kuna sentensi moja tu: sema ukweli kuhusu usichokijua.

Tuanze na ile fomu, kwa sababu sikuwa najua ni ya nini. Nilidhani ni ya kupanga bei. Kumbe ni ya usalama. Skii inashikwa kwenye buti na vibano, wengi wanaviita bindingi. Kazi ya vibano ni mbili: vikushike ukiwa unateleza, na vikuachilie ukianguka. Vikiachilia mapema sana, unapoteza skii katikati ya mteremko. Vikichelewa, skii inageuka na mguu wako, na goti ndilo linalolipa. Kwa hivyo fundi wa duka anavirekebisha kulingana na uzito wako, urefu wako, umri wako, ukubwa wa buti, na jinsi unavyoteleza. Mzoefu anaenda kasi na kwa nguvu, kwa hivyo anawekewa vibano vinavyoshika zaidi. Anayeanza anawekewa vinavyoachilia haraka.

Unaona nilichofanya? Nilimwambia fundi anishike zaidi. Yeye alifanya kazi yake vizuri kabisa, kwa taarifa za uongo. Daktari alisema kano moja ndani ya goti imechanika nusu. Sitasema ni fomu peke yake, kwa sababu hata vibano vilivyowekwa sawa haviokoi goti kila wakati. Lakini najua nilichoandika, na najua skii haikutoka.

Kwa hivyo usidanganye uzito wako hapo. Najua kuna watu hapa hupunguza kilo tano kila mahali wakiulizwa. Kwa fundi wa skii, sema kilo zote. Na wewe unayependa ubao mmoja, snobodi, jua vibano vyake havikuachilii ukianguka. Miguu yote miwili inabaki hapo. Wanaoanza na snobodi huumia sana viganja vya mikono, kwa sababu mtu akianguka hunyoosha mikono kujikinga. Kuna vikinga vya viganja, vinauzwa na sehemu nyingine vinakodishwa. Vaa.

Najua mmoja wenu tayari anauliza: bro, hizi ni shida za wazungu, sisi tunatafuta kodi, wewe unatuambia mambo ya skii? Poa. Lakini angalia tulivyotawanyika. Una classmate anasomea uuguzi Ujerumani. Una dada wa rafiki yako anayelea watoto wa watu Austria. Una mjomba Minnesota. Una msee wa mtaa anafanya kazi Dubai, na ndani ya Mall of the Emirates kuna mlima wa theluji tangu 2005, jangwani kabisa. Na hata barani kwetu, Lesotho kuna Afriski, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako watu huteleza kuanzia Juni hadi Agosti. Siku moja mtu atakualika. Na ukialikwa, utajua watu wote hapo walianza wakiwa na miaka minne, na wewe ndiye mweusi peke yako kwenye foleni, na hautataka kuwaaibisha watu wa nyumbani. Huo ndio mzigo ninaozungumzia. Mzungu akianguka, ameanguka yeye. Sisi tukianguka tunahisi ni kama Kenya nzima imeanguka.

Lakini enyewe Kenya ilishaanguka kwenye theluji, tena kwa heshima. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Theluji aliiona mara ya kwanza 1996, Finland, akiwa mtu mzima. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, kwenye mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, kama dakika ishirini nyuma ya mshindi. Na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, mmoja wa wakali zaidi waliowahi kuishi kwenye huo mchezo, alibaki pale kwenye utepe akimngojea hadi akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Boit alifika pale kwa kukubali kuwa mwanafunzi wa mwanzo kabisa mbele ya dunia nzima. Hakuweka tiki kwa "wa kati." Halafu 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, akatushikia bendera PyeongChang. Yeye alianza akiwa mtoto, ndiyo maana anashuka milima ambayo mimi siwezi hata kuiangalia. Hakuna aibu hapo. Mwenzako amesoma, wewe bado.

Kusoma. Nilijua ningefika hapa.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Huwa nawaambia niliacha kwa sababu kontenti ilianza kulipa, na huo ni ukweli nusu. Nusu ile nyingine ni kwamba kulikuwa na somo la hesabu ambalo nilipotea wiki ya tatu, na sikuinua mkono. Kila mtu alikuwa anatikisa kichwa kama anaelewa, nami nikatikisa. Wiki ya tano nikatikisa. Wiki ya nane nikaacha kwenda. Ningesema "mwalimu, sijaelewa" mara moja tu, labda leo ningekuwa na stori tofauti. Sijutii kazi yangu. Najutia kwamba sikuuliza. Na pale Alps nilirudia kitu kilekile, tofauti ikiwa kwamba hesabu haikunichania goti.

Kwa hivyo lipia darasa. Hata kama pesa ni kidogo, punguza siku za kuteleza ulipie mwalimu siku ya kwanza. Utafundishwa kusimama, kugeuka, kuanguka, kuamka, na kupanda lifti bila kugongwa na kiti. Hizo ndizo breki zako. Hakuna mtu atakuuzia gari bila breki ukaliendesha kwenda Mai Mahiu, lakini mimi nilishuka mlima bila breki na nilikuwa nimelipa mwenyewe.

Kitu cha pili ni rangi. Njia za mlimani hupangwa kwa rangi, na hapa msafiri huchanganyikiwa vibaya. Ujerumani na Austria, bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ngumu. Ufaransa wana kijani chini ya bluu. Ukivuka bahari hadi Marekani na Canada, duara la kijani ndilo rahisi, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu. Umeona mtego? Umezoea bluu ya Bavaria, unafika Colorado, unaingia bluu ukidhani ni mchezo, kumbe umepanda darasa. Na hata ndani ya nchi moja, mlima huu na ule havilingani, kwa sababu kila mlima hupima njia zake wenyewe. Chukua ramani pale chini. Ni ya bure mara nyingi. Uliza mfanyakazi: njia rahisi zaidi ni gani, na je, nikipanda lifti hii kuna njia rahisi ya kushuka? Mimi sikuuliza hilo la pili. Juu ya lifti yangu njia ya kushuka ilikuwa nyekundu.

Tatu, kuna sheria. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lina kanuni kumi za kila mtu anayeteleza, na Ulaya mahakama huziangalia watu wakigongana. Sitazimwaga zote hapa, lakini mbili lazima uzijue kwa sababu ni kinyume kabisa na barabara zetu. Nairobi, mwenye nguvu hupita. Matatu ikija nyuma yako na honi, unasogea. Mlimani, aliye mbele ndiye mwenye haki. Wewe uliye nyuma, uliye juu, ndiye unamwona, kwa hivyo ni jukumu lako kumkwepa, hata kama anayumba kama mlevi. Ya pili: usisimame katikati ya njia, hasa mahali pembamba ama nyuma ya kilima ambapo anayetoka juu hakuoni. Ukianguka, toka pale haraka uende pembeni. Na kabla hujaanza tena, angalia juu, kama unavyoangalia kulia na kushoto ukivuka Jogoo Road. Mimi nilikuwa nimesimama katikati, mgongo kwa watu, narekodi.

Sasa helmeti. Hapa sitanii.

Machi 2009, mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alikuwa kwenye darasa la skii Mont Tremblant, Canada. Mteremko wa wanaoanza. Hakuwa na helmeti. Akaanguka, akagonga kichwa, akaamka. Alisema yuko sawa. Ambulensi ilikuja ikarudishwa. Muda si mrefu kichwa kikaanza kuuma. Kumbe damu ilikuwa inavuja kati ya fuvu na ubongo. Siku mbili baada ya kuanguka alikuwa amefariki. Alikuwa na miaka 45.

Nilipoisoma hiyo stori nilikuwa kwenye kochi la binamu yangu, na neno lililonishika ni hilo: niko sawa. Ni neno letu la kila siku. Ukijigonga kwenye matatu, niko sawa. Ukianguka ngazi watu wakiangalia, niko sawa. Aibu ndiyo inayoongea hapo, si mwili. Ukigonga kichwa kwenye theluji, usijipime mwenyewe. Kichwa kuuma, kutapika, usingizi wa ajabu, kusahau sahau: hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama unacheka. Na kama ni rafiki yako ndiye ameanguka na anasema yuko sawa, usimwamini. Kaa naye.

Helmeti si uchawi. Michael Schumacher, bingwa mara saba wa Formula One, alikuwa amevaa yake Desemba 2013 kule Méribel, Ufaransa. Alikuwa anajua kuteleza. Aliingia sehemu isiyotengenezwa kati ya njia mbili, skii ikagonga jiwe, akaangukia kichwa kwenye mwamba. Tangu hapo hajaonekana hadharani. Kwa hivyo vaa helmeti, na pia usiifanye ikupe kiburi. Mimi nilivaa? Nilivaa, kwa sababu binamu yangu alikataa kusogea hadi nivae. Nililalamika kwamba itaharibu dredi. Asante sana, binamu.

Schumacher ananileta kwa kile ninachokiogopa zaidi kuhusu watu wa kazi yangu. Picha kali za theluji huwa haziko kwenye njia iliyotengenezwa. Ziko kule pembeni, ambapo theluji haijakanyagwa, safi kama shuka mpya, na kamba ndogo tu ndiyo inakutenganisha nayo. Kontenti krieta akiiona hiyo kamba anaona fursa. Nje ya hiyo kamba kuna maporomoko ya theluji, mashimo na miamba iliyofunikwa.

Alps wana kipimo cha hatari ya maporomoko, namba 1 hadi 5, kinachotangazwa kila siku ya msimu. Na hapa ndipo malezi yetu ya mitihani yanatuua. Mkenya akiona 3 kwa 5 anasema si mbaya, hiyo ni asilimia 60, nimepita. Hapana. 3 maana yake hatari ni kubwa, mtu mmoja anaweza kuamsha poromoko kwa uzito wake tu. Watu wengi hufa siku za namba 3 kwa sababu wanaiona kama ya katikati. Februari 2012, Lech, Austria, kipimo kilikuwa 4. Friso, mwana wa malkia wa Uholanzi, mtu aliyeijua hiyo milima tangu utoto, alienda nje ya njia na rafiki yake. Poromoko likamfunika, akakaa chini kama dakika 25. Hakupona tena, alifariki mwaka uliofuata. Dakika kumi za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa. Baada ya hapo hewa inaisha. Ndiyo maana wanaoenda huko hubeba kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi, fimbo ndefu ya kutafutia na koleo, na wanajua kuvitumia, na hawaendi peke yao. Wewe na mimi, na simu zetu, tunabaki ndani ya kamba. Picha za huku pia ni nzuri.

Bima. Najua mnachoka na hii, lakini hapa ndipo nilipoumia kuliko goti. Kupata visa ya Schengen lazima uwe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Nilinunua ile ya bei ya chini kabisa, nikaprinti, nikapeleka ubalozi, sikusoma. Ukurasa wa tatu uliandika haigharamii michezo ya majira ya baridi. Mstari mmoja. Bima nyingi za safari ni hivyo hadi uongeze pesa kidogo, na hata ukiongeza, nyingine haziendi nje ya njia zilizotengenezwa. Kwa hivyo kuna maswali matatu ya kuuliza kabla hujalipa. Inalipia skii na snobodi? Inalipia kuokolewa mlimani, hata kwa helikopta? Nikimgonga mtu mwingine, inalipa? Hilo la tatu usilipuuze. Italia, tangu 2022, huruhusiwi kuteleza bila bima ya kumlipa utakayemuumiza.

Bili zangu alilipa binamu yangu. Mwanafunzi wa uuguzi, anayelala masaa matano, anayetuma pesa nyumbani kila mwezi kwa mamake. Hakuniambia neno baya hata moja, na ningependa angesema. Namlipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Bado euro 310.

Mengine haraka haraka. Jua la mlimani linachoma, na theluji inalirudisha usoni, kwa hivyo paka mafuta ya kuzuia jua hata kama wewe ni mweusi kama mimi, na funika macho. Ukiwa juu ya lifti na upepo unavuma, vidole vya mikono vikifa ganzi, ingia ndani, usingoje vigeuke rangi. Pombe ya moto wanayouza pale juu iache hadi umevua buti. Ukichoka, shuka kwa lifti. Kulipia mzunguko wa mwisho na kuutelezea ukiwa na miguu ya uji hakukupi faida yoyote. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi humaliza betri, na ndiyo itakayopiga 112 ukiumia popote katika Umoja wa Ulaya. Ikizima, ishara ya dharura ya Alps ni sita kwa dakika: filimbi, mwanga, sauti, chochote, mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika, rudia. Ukijibiwa mara tatu kwa dakika, wamekuona.

Kuna watakaosema nimekuwa muoga, ati maisha ni kujaribu, ati bila hatari hakuna kontenti. Sikilizeni, mimi niliacha chuo kukimbilia kazi ambayo haina mshahara. Hatari naijua. Lakini kuna hatari uliyoipima ukaichukua, na kuna hatari uliyoingia kwa sababu uliona haya kuuliza. Hiyo ya pili si ushujaa. Ni woga uliovaa miwani ya theluji.

Sasa sehemu ngumu, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Mnaikumbuka ile video ya sekunde 14. Niliipost jioni hiyo hiyo, mguu ukiwa umefungwa. Sikusema nimeumia. Ikaenda mbali kuliko kitu chochote nilichopost mwaka huo. Watu waliniandikia wakisema kumbe unajua kuteleza, umetuwakilisha. Nikajibu kwa moto na misuli. Siku ya tatu dada mmoja Mkenya, analea watoto Austria, akaniandikia: "Nilikuwa naogopa kuenda na hii familia mlimani, lakini nimeona yako nimepata moyo. Naenda wikendi hii."

Nilikuwa nimelala na barafu kwenye goti. Ningeweza kumwambia. Chukua darasa, sema ukweli kwenye fomu, vaa helmeti, soma bima yako. Maneno kumi yangetosha. Nikamtumia emoji ya moto.

Wikendi ikapita kimya. Jumatatu kimya. Nilikuwa naangalia simu kila baada ya dakika tano na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza. Jumanne akatuma picha, ameketi kwenye theluji na watoto wawili, wote wanacheka. Ile familia ilikuwa imemlipia mwalimu siku mbili. Alisema ameanguka mara arobaini na hajawahi kufurahi hivyo.

Alikuwa sawa. Lakini hakuwa sawa kwa sababu yangu.

Ile video nimeirudisha leo, na mara hii sikuikata pale sekunde ya 14. Mtaona ninavyogeuka, mtaona ninavyoanguka, mtasikia ninavyopiga nduru kwa Kikuyu. Chekeni, mna ruhusa. Halafu mtumie yule mtu wako aliye huko nje, ambaye wikendi moja ataambiwa "twende mlimani," na atapewa fomu yenye visanduku vitatu.

Mwambie ni cha kwanza.